Korola ya Mwantum Haitaki Kukimbia

Jumatatu, 7 Julai 2025

Imezimika tena! Safari hii kwenye barabara ya Ruziba, nikitoka kununua samaki wa mukeke, na lori la mchanga nyuma yangu. Niliingiza gia, vitesi ya tatu, nikakanyaga nimpite mtu wa baiskeli aliyebeba ndizi — Korola ikakohoa, ikashtuka, kimya. Dereva wa lori akapiga honi mpaka meno yangu yakasikia. Akanipita karibu sana. Akatoa kichwa dirishani, akauliza kama barabara nimeipanga kwa mwezi au kwa mwaka. Nikamwomba radhi. Alikuwa ameshakwenda.

Nikangoja kidogo, nikawasha. Ikawaka vizuri, kama si yenyewe! Ndiyo tabia yake tangu mwezi uliopita. Ikisimama, inanguruma safi. Ukienda polepole, inakwenda. Ukitaka mwendo tu, inakufa. Nimerudi Buyenzi kwa mwendo wa bibi harusi.

Kuna mtu alimwambia binti yangu Houda. Katika mji huu habari inakimbia kuliko gari langu. Akapiga simu kutoka kwake Kiriri. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, Papa, mwaka huu nimeshazika mmoja.

Halafu akatoa sharti lake. Jumamosi ya wiki ijayo gari lipande mpaka kwake, mlima wote, bila kuzimika hata mara moja. Likifika, nibaki nalo. Likizimika njiani, Dieudonné, mwenye teksi wa Mutakura, atalichukua. Analitaka kwa vipuri, na amemsumbua mkwe wangu Anouar kazini siku nyingi.

Nikasema gari ni la mama yako. Akasema ndiyo, na sheikh ameshagawa. Ni kweli. Robo ni yangu, iliyobaki ni ya Houda na kaka yake Hamissi, ambaye yuko Ubelgiji na anasema dada ndiye aamue. Nimekaa nafikiria robo yangu ni ipi. Gurudumu moja? Ningechagua usukani. Lakini usukani bila gari ni sinia tu.

Mwantum, mke wangu, ndiye aliyeendesha miaka yote. Mimi nilikaa pembeni na kupakata vitu: mabunda ya vitenge, sufuria za watu, kuku. Kiti cha dereva bado kimesogezwa mbele kabisa, kwa ajili ya miguu yake mifupi. Sijakirudisha nyuma. Magoti yangu yanagusa usukani. Yazoee.

Jumanne, 8 Julai

Nimempelekea Hamimu, fundi wa barabara ya nyuma. Alifungua kapo, kile kifuniko cha mbele, akainamia injini, akaisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Akasema, “Mzee Karimu, iyi injini iko bien. Tatizo ni muguu yako. Unakanyaga kama uko kwa cherehani!”

Gereji nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Huenda ni kweli. Miaka arobaini ya pedali ya cherehani haitoki mguuni hivi hivi. Nikampa ufunguo, nikamwambia basi tuonyeshe mguu wa fundi.

Akaondoka kwa mbwembwe, mkono mmoja dirishani, vumbi hadi angani. Ikamzimikia mbele ya msikiti, watu wakitoka swala ya adhuhuri. Amerudi akilisukuma, na waumini wanne nyuma wakimpa mawaidha.

Nilimwuliza tu mguu wake unaendeleaje.

Jumatano, 9 Julai

Leo ni buji, plagi za cheche! Hamimu anasema moto hautoshi: injini ikiombwa nguvu, cheche inakuwa dhaifu, inakata tamaa. Alizitoa, akanionyesha vichwa vyake vilivyolika. Kweli zilikuwa na hali mbaya. Mpya zikaja kutoka mjini, zikaingia, na Korola ikaimba. Ikaimba! Nikazunguka soko, nikampungia mkono kila mtu, hata nisiowajua.

Kwenye barabara kubwa nikakanyaga. Ikakohoa, ikashtuka, kimya.

Polisi wa barabarani akaja akaniuliza kama nimechoka. Nikasema mimi sijachoka, afande, aliyechoka ni huyu. Akanisaidia kusukuma. Kofia yake ikaanguka, nikairuka nisije nikaikanyaga. Mtu mwema.

Mwantum alikuwa akizungumza na gari kwa Kirundi tu. Alisema lilinunuliwa kwa mtu wa Gitega, Kiswahili halikijui. Mlimani alikuwa akilipiga dashibodi kwa kiganja: “Genda! Genda!” Na lilikuwa linakwenda. Leo na mimi nimejaribu. Genda! Labda ni lafudhi yangu.

Alhamisi, 10 Julai

Sikugusa gari. Kazi nyingi, sare za ndugu wa bibi harusi wa barabara ya tano, na kila mmoja anataka aonekane mwembamba kuliko dada yake.

Mwantum alikuwa akijaribu vifungo kwa kuvivuta na meno. Kikitoka, ananirudishia shati bila neno, kifungo kiko ulimini. Leo nimekivuta kimoja kwa meno yangu. Kimetoka.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya swala ya Ijumaa nimepata mafundi wasiopungua ishirini, bure. Wote wamelizunguka gari nje ya msikiti na kanzu zao nyeupe. Mmoja anasema ni betri. Mwingine anasema ni kifuniko cha tangi, hakipitishi hewa, tangi linanyonya lenyewe mpaka linakabwa. Hili lilikuwa na akili. Tukakifungua kifuniko, tukazunguka bila hicho. Nilipokanyaga, likafa palepale. Basi si kifuniko.

Mzee mmoja akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba gari linamlilia mwenyewe. Alisema kwa upole, macho yamemlowa. Nikamshika mkono, nikamshukuru.

Nilitembea na neno lile mpaka nyumbani. Nililipenda, sidanganyi. Halafu nikafikiri — kama ni kilio, mbona analia nikikanyaga tu? Mbona nikienda polepole hana huzuni? Mimi ninayemlilia, huwa inanijia nikiwa nimekaa kimya, nikingoja maji ya chai yachemke. Kazi ikiwa nyingi ndiyo napata nafuu. Gari hili ni kinyume changu. Hapana, ni ugonjwa wa mashine.

Nilipomwambia Hamimu, alisema, “Gari ailii, mzee. Ingekuwa inalia, mi ningekuwa naifuta machozi, ningekuwa tajiri.”

Jumamosi, 12 Julai

Kabureta! Hamimu aliitoa nzima, akaitandaza vipande vipande juu ya shuka kuukuu. Nilikaa naye asubuhi yote. Ni kitu kizuri, kimejaa vitundu vidogo ambamo esansi, yaani petroli, hupita na kuchanganyika na hewa. Nilikwenda kuchukua brashi yangu ya kusafishia cherehani na sindano nyembamba. Tukapuliza, tukasugua, tukapuliza tena. Hamimu alipuliza mpaka akaona nyota. Kulikuwa na uchafu kidogo tu. Akasema, tumemaliza, sasa itaruka.

Haikuruka. Lakini safari hii niliangalia vizuri, maana nilikuwa nimekaa pembeni, mahali pangu pa zamani, na huko mtu anaona mengi. Inapokufa haifi ghafla. Inapungukiwa kwanza. Kama mtu anayenyonya soda kwa mrija na chupa imekwisha. Na ukingoja kidogo, inawaka — kama kitu kimejaa tena polepole.

Nikamwambia Hamimu: kwenye cherehani, ukishona taratibu uzi unakuja vizuri. Ukikanyaga kwa kasi unakatika. Mwanafunzi anabadilisha sindano, anabadilisha tena. Kosa liko nyuma, kwenye kibiringo cha uzi: umejisokota mahali. Unatosha mwendo mdogo, hautoshi mwendo mkubwa.

Hamimu akakwaruza kidevu. “Unataka kusema esansi aifiki?”

Nataka kusema sindano tumeshaibadilisha vya kutosha.

“Lakini filta nimeiweka mi mwenyewe mwaka jana! Ni mupya!” Alikasirika kidogo. Nikaacha. Mtu usimguse kwenye kazi ya mkono wake mchana wa jua kali.

Jumapili, 13 Julai

Houda alikuja kula, na Anouar. Nilipika mwenyewe: wali, maharage, wale mukeke wa mwisho. Anouar akala vizuri, akasema tumbo lake linaijua nyumba hii. Baadaye Dieudonné akatokea “kusalimia tu”. Mnene kidogo, mcheshi, ana gari tatu za teksi na anatafuta vipuri usiku na mchana. Akapiga tairi teke. Akainama chini. Akasema, “Papa, maiti haiwekwi nyumbani.” Halafu akakumbuka anazungumza na nani, akawa mwekundu kadiri mtu mweusi anavyoweza, akaomba msamaha mpaka nikamwonea huruma. Nikampa chai.

Walipotoka nje, Houda alibaki akiosha vyombo. Alisema bila kugeuka kwamba tangu habari ya lori halali vizuri. Kila simu ikilia anaona barabara ya Ruziba. Nikasema nakwenda polepole. Akasema, “Ndiyo, Papa. Ndiyo maana watakugonga.”

Anakausha sahani kama mama yake: anaikausha, anaitazama, anaikausha tena.

Lakini nalitaka gari lile. Sikumwambia hivyo kwa sababu angenipa. Angenipa kwa huruma, halafu usiku asingelala.

Jumatatu, 14 Julai

Leo imejulikana! Niandike yote vizuri.

Asubuhi Hamimu alikuja mwenyewe mpaka kwenye baraza yangu. Alikuwa amelala na habari ya uzi. Akasema, tufanye hivi: tuache tangi, tuache pompu, tuache filta. Tuipe injini esansi safi kutoka juu, moja kwa moja mdomoni. Alikuwa na kidogo kwenye chupa ya maji. Akaifunga chupa chini juu kwenye fito, akaisimamisha karibu na kapo, akashusha mpira mwembamba kutoka kwenye chupa hadi kwenye kabureta. Matone yakaanza kushuka.

Lilikuwa linaonekana kama mtu aliyetundikiwa maji hospitalini. Nikaangalia pembeni kidogo. Halafu nikarudisha macho.

Akawasha. Akakanyaga. Ee Mola! Injini ikapiga ukelele mmoja mrefu, safi, bila kikohozi. Akaachia, akakanyaga tena. Kuku wa jirani wakakimbia. Hamimu akanitazama, mikono kiunoni. “Uzi umekwama nyuma,” akasema. Kwa heshima yake, hakutaja filta. Aliifungua tu.

Ilikuwa ya chuma, haionyeshi ndani. Akaikata kwa msumeno. Ikafunguka, na ndani — uji! Uji mzito, rangi ya machungwa, umeziba karatasi yote. Hamimu alisema ni kutu. Fundi mwingine akasema kutu hailegei hivyo. Wa tatu akasema ni esansi mbaya ya magendo.

Ndipo akapita Mama Scholastique na beseni lake. Anauza mafuta ya mawese karibu na baraza yangu, kwa chupa na kwa nusu chupa. Alivuka mpaka kutoka Uvira mwezi wa pili, wakati wa vita, na ulimi wake alivuka nao wote. Akasimama. “Ee! Munapika nini mu gari?”

Akachovya kidole, akasugua na kidole gumba, akanusa. Akacheka mpaka akatua beseni chini. “Iyi ni mawese! Apana mubishe. Mi nauza iyi kila siku, siwezi kosa. Aya, leteni muhogo.”

Hamimu: “Mawese mu filta? We mama, gari ainywi mawese.”

“Iyi inakunywa. Muulize mwenyewe.”

Wote wakanigeukia. Na mimi nilikuwa nimeshajua. Bidoni.

Mwezi wa kwanza, esansi ilipokauka mjini, Mwantum alikaa kwenye foleni mpaka akalala humo garini. Alirudi tangi limejaa, na bidoni moja, dumu la akiba, kilemba chake kimefungwa shingoni mwa bidoni kisimwagike kitu. Bidoni ile ilikuja na mawese ya dada yake wa Ruziba. Aliiosha kwa sabuni, kwa maji ya moto, kwa majivu. Niliinusa mwenyewe, ilikuwa safi. Na nani hapa mjini hana bidoni ya mawese yenye kitu kingine ndani? Maji, pombe ya ndizi, esansi, yote yamo humo. Ndizo bidoni zenye vifuniko vya kweli. Aliisukuma chini ya meza yangu ya kukatia nguo, akasema haiguswi mpaka siku ya shida.

Siku ya shida ilikuja, tukampeleka hospitali, na tangi lilikuwa bado na esansi ya kutosha. Bidoni hatukuigusa. Ikakaa pale. Maombolezo yakapita, arobaini ikapita. Mwezi wa sita, vituo vikiwa vimekauka tena, nikaitoa, nikaimimina kwenye tangi kwa bismillahi. Sikumwaga hata tone. Nilijiona hodari sana.

Sabuni inaosha kile inachokiona. Esansi inaosha na kilichojificha. Hamimu amesema miezi yote ile ilikuwa ikiyaramba mawese kutoka kwenye kuta za bidoni, taratibu. Asubuhi za baridi yanaganda. Kisha yakasafiri mpaka kwenye filta.

“Mzee,” akasema, “we ulitaka kukaanga nini?”

Nimecheka mpaka nikashika fito. Watu wote wamecheka. Habari imefika barabara ya tano kabla ya alasiri.

Tangi lazima limwagwe lote, lioshwe. Nikauliza, lote? Akasema, lote.

Jumanne, 15 Julai

Hamimu alikuja na mfuko wake wa spana. Nikamwambia kesho.

Akauliza kwa nini, na Jumamosi inakaribia. Nikasema nina suti ya mtu. Alitazama baraza, hakuona suti. Akasema sawa, mzee, kesho.

Esansi ile Mwantum aliilalia kwenye foleni.

Mwantum angenicheka, najua. Au angekasirika! Yeye aliyekuwa akiwagombeza majirani kwa kuhifadhi unga kwenye ndoo iliyotoka samaki.

Jumatano, 16 Julai

Imemwagwa. Nilishika beseni mimi mwenyewe. Ilitoka na rangi ya chai nyepesi, ikang'aa juani; ukipenda ungesema ni nzuri. Harufu mbili pamoja, ya gereji na ya jikoni. Hamimu ameiomba aoshee nati na spana, nimempa. Mama Scholastique akauliza kama hatuwezi kutenganisha, yeye achukue chake. Hamimu akasema achukue, na asikae karibu na jiko.

Tangi tukalitoa chini, tukalisuuza mara nyingi. Chini kulikuwa na utando kama wa uji uliolala. Mpira wa kupitishia esansi ukapulizwa. Filta mpya imewekwa, na Hamimu ameniapisha: bidoni, kamwe.

Sasa gari ni zima kabisa na halina cha kunywa. Vituo vyote vimekauka. Mambo haya!

Alhamisi, 17 Julai

Naandika kwenye foleni. Tumelisukuma gari mpaka hapa, Hamimu, mimi na wapita njia. Wanasema lori la esansi limeonekana. Nani ameliona? Shemeji ya mtu.

Foleni ina raha yake. Mwanamke wa mbele yangu amesuka nywele zake zote humo garini, upande mmoja jana, upande mmoja leo. Wa nyuma yangu anahubiri. Watu wanauza mayai, karanga, mikate, hata viatu. Tunasogea, tunasukuma, tunakaa. Nimeshona vifungo vya mashati matatu.

Nilikuwa sijui alikuwa anafanya nini hapa saa zote zile. Nilidhani anateseka. Kumbe alikuwa akipiga soga! Mwenye mayai ananiuliza, hii si gari ya Mama Houda? Yuko wapi siku hizi? Nikamwambia. Akanipa yai, akakataa kuliuza. Akasema Mama Houda alikuwa akimchekesha kwa kuiga mapolisi.

Hilo sikulijua. Miaka yote ile, na hakuwahi kuniigia polisi hata mmoja.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepata! Lori lilikuja kweli, Mungu ambariki shemeji ya yule mtu. Mwenye pompu akaniuliza kama nina bidoni, anijazie kidogo pembeni. Nilisema hapana kwa sauti kubwa hivi kwamba foleni nzima ikageuka. Tangi, ndugu yangu, tangi tu!

Nikawahi swala. Baadaye nikaenda barabara ya ziwani, peke yangu, ambako ni wazi. Vitesi ya pili. Ya tatu. Nikakanyaga. Ikakwenda! Nikakanyaga zaidi, ikakwenda zaidi. Vitesi ya nne, dirisha wazi, na kofia yangu ikaruka kiti cha nyuma. Nilipiga kelele. Mwendesha baiskeli alinitazama kama mtu aliyeona kichaa mzee, na alikuwa sahihi.

Hamimu anasema kesho nisimwambie mtu kwamba alianza na mguu. Sitamwambia mtu.

Jumamosi, 19 Julai

Niko Kiriri. Niko mbele ya geti la Houda, ndani ya gari. Naandika ili nionekane nina shughuli.

Imepanda. Mlima wote! Pale kwenye kona kali, mahali ambapo hata magari mapya yanahema, niliingiza ya pili na kukanyaga, na ikapanda kama mbuzi. Haikukohoa. Walinzi wa mageti walisimama kunitazama. Houda alikuwa barazani juu, viganja mdomoni. Nilipofika alipiga kigelegele kimoja kifupi, halafu akakikatiza, kama aliyeshtushwa na sauti yake mwenyewe.

Nilidhani yameisha. Lakini Dieudonné naye alikuwepo. Anouar alimwalika, kwa nia njema, awe tayari kulichukua kama gari litakufa njiani. Akalizunguka. Akasikiliza. Hakupiga tairi teke. Akasema hataki tena vipuri. Analitaka zima, liingie kazini Jumatatu, na anaongeza bei juu ya ile aliyotaja mwanzo. Akaongeza tena hata kabla sijajibu. Anouar akanitazama kwa macho yanayosema: Papa, fikiria.

Tazama! Lilipokuwa bovu lilikuwa langu. Nimelitengeneza, na sasa kila mtu analitaka.

Nikasema tulikuwa na neno, mimi na binti yangu. Houda alishuka peku, akafungua mlango, akaketi pembeni yangu. Akasema, “Papa, kanyaga.”

Nikakanyaga. Injini ikapanda, safi. Alikuwa amefumba macho.

“Tena.”

Nikakanyaga tena.

Halafu akasema kwa sauti ndogo, “Zamani nilikuwa naogopa kwamba aiendi. Sasa naogopa kwamba inaenda. Jana umefika wapi na iyi gari?”

Nikasema barabara ya ziwani.

“Vitesi ya ngapi?”

Nikamwambia ukweli. Ya nne. Nikamwambia na kofia. Akageuka dirishani na mabega yakaanza kutikisika, na sikujua analia au anacheka mpaka alipopumua, na hata hapo sikujua vizuri.

Akafuta uso kwa mtandio, akashuka kwenda kuzungumza na Dieudonné.

Wamesimama mbele ya gari, yeye, Dieudonné na Anouar. Dieudonné anazungumza kwa mikono yote miwili. Anouar anatikisa kichwa kukubali. Siwasikii, injini inanguruma na sijaizima. Esansi inaungua bure, najua, kwa foleni zile.

Houda bado hajafungua mdomo. Ameweka kiganja juu ya kapo. Lazima inamuunguza, tumepanda mlima sasa hivi, lakini hakiondoi. Amekiweka pale kama mtu sokoni anavyomshika shingoni ng'ombe wake ambaye hajakubali kumuuza, huku wengine wakitaja bei.